Kioo Kilichokatazwa Langoni

Juzi nilishuka Otonglo, nje kidogo ya Kisumu, kununua omena, wale dagaa wa ziwani, nikapita kando ya barabara penye mafundi wa magari. Vijana wawili walikuwa wanaweka kioo cha mbele kwenye kanta, lori dogo la kubebea mchanga. Mmoja alikuwa nje, amekikumbatia kioo. Mwenzake alikuwa ndani, anavuta kamba polepole, na raba inaruka juu ya ukingo wa bati ikitoa ile sauti yake, pap, pap, pap. Harufu ya sabuni ya mche na raba iliyolainishwa kwa maji ya moto ikanifikia, nikasimama. Yule wa nje alinitazama, akasema, "Mathe, unangoja mtu?" Nikamwambia hapana. "Basi songa kidogo, kikipasuka kitakuruka." Sikusonga mpaka wakamaliza.

Hii sijawahi kukusimulia, ingawa tumejuana muda mrefu. Si siri. Ni kwamba kila nikianza, watu hutaka kujua kama naamini au siamini, na mimi sina jibu zuri.

Kwetu ni upande wa Bondo, pale ardhi inaposhuka taratibu mpaka majini. Boma letu lilikuwa na ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe unaochoma macho, na lango moja la mbao lililotazama barabara ya vumbi. Ndani tulikuwa baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, na Dani. Dani ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mamake baba. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama na muhogo uliokamuliwa ndimu. Kisha kazi yangu ilikuwa kuteka maji kabla gugumaji halijasukumwa na upepo likafunga ufuo, halafu kuanika omena juu ya nyavu kuukuu na kuwafukuza bata. Siku nyingine wadudu wa ziwa walisimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua mbali. Upepo ukigeuka walitufikia, wakaingia puani, kwenye uji, kwenye nywele. Dani alikuwa akifunika sufuria zote na kusema, "Ziwa linapumua." Hakulisema kama jambo jema.

Mdogo wangu alizaliwa na damu ambayo chembe zake hujikunja kama mundu. Hospitalini wana jina lake. Nyumbani tulisema tu "ile damu". Siku nyingi alikuwa mtoto kama wengine, mwenye kelele na uongo mwingi mtamu, macho yake ya manjano kidogo. Lakini baridi ikimpata, mifupa ilianza kumuuma, na sauti aliyoitoa hapo sitajaribu kuiandika. Maumivu yakizidi, mama alimfunga mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli ya kukodi mpaka kwenye lami, wakangoja gari lolote litakalokubali kusimama. Kuna siku lilisimama upesi. Kuna siku lori moja baada ya jingine lilipita, na mvua ikawakuta pale pale. Baada ya siku moja ya namna hiyo baba alivuta kiti nje, akaanza kuchora gari mchangani kwa msumari.

Baba alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea vyuma katika karakana moja mjini Kisumu, mpaka ilipofungwa. Alirudi na mikono yake na miwani nyeusi. Akapata chesi, ile fremu ya chini, ya pikapu iliyooza, akakata sehemu ya mbele ya pikapu nyingine ya aina ile ile, na mwili wote uliobaki akaukunja kwa mabati ya mapipa. Umeme haukuwa umefika kwetu. Alipima na kukunja nyumbani, kisha akapakia vipande kwenye mkokoteni mpaka sokoni, penye kinu cha kusaga kilichokuwa na umeme, akachomelea pale na kuvirudisha. Ndiyo maana gari letu, hata lilipokuwa bado mifupa, lilikuwa na unga wa mahindi kwenye kila kona.

Lilichukua misimu kadhaa. Watu walikuja kucheka, na wengi waliishia kushika spana. Jirani yetu mvuvi, mtu mrefu mwenye mdomo usiolala, alifika kila jioni kulikagua. Lilipoanza kutembea, alilizunguka, akasimama mbele yake, penye uwazi usio na kioo, mikono kiunoni.

"Jaduong', mzee wangu, gari yako inatembea, nakubali," akasema. "Lakini inatuangalia kama mtu aliyetolewa macho."

"Ngoja nimnunulie miwani," baba akajibu.

"Mnunulie haraka. Mimi usiku nikipita hapa nazima tochi, nisionane naye."

Tulicheka sote. Dani hakucheka. Alisema kitu kisicho na macho hakiendeshwi, hubebwa.

Baba hakungoja kioo. Siku ya kliniki alimpakia mdogo wangu, akaondoka naye, mbele kukiwa wazi kabisa. Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka ziwani. Hawakufika hata kwenye lami. Walirudi mtoto amejikunja sakafuni mwa gari, akilia kwa meno yaliyobana, kwa sababu upepo wa mwendo ulimpiga kifuani na magotini njia nzima. Dani na mama walimkanda kwa vitambaa vya maji moto mpaka mchana. Baba alikaa nje akiutazama ule uwazi wa mbele. Gari alilolijenga kumwokoa mtoto lilikuwa limemuumiza. Akasema hatampandisha tena humo mpaka liwe na kioo.

Kioo hakikupatikana upesi. Pikapu za aina ile zilikuwa zimekwisha barabarani. Vioo vya kukatwa dukani vilikuwa vya dirisha, vile vinavyovunjika vikawa visu, na baba alivikataa. Mwishowe alisikia kuna pikapu ya namna ile Awasi, mbali kupita Kisumu, imelala nyuma ya nyumba za soko. Akaenda, akarudi siku ya pili na kioo kizima, kimefungwa kwa blanketi, kimelazwa juu ya nyasi kwenye mkokoteni aliouchukua aliposhushwa na lori kwenye lami.

Dani alikuwa langoni akifagia. Aliuliza kimetoka kwa gari gani. Baba yangu hakuwa mtu wa kudanganya mama yake.

"Gari lililopata ajali, Mama. Kwenye mteremko."

"Mwenyewe?"

"Alikufa. Lakini kioo tazama, hakina hata ufa."

Dani hakukitazama. Aliuweka ufagio wake chini, ukalala katikati ya lango kama komeo. "Kitu kilichomwona mtu akifa, na chenyewe kisipasuke," akasema, "hakipiti lango langu."

Akaenda zake jikoni. Baba alibaki pale barabarani na mkokoteni wake. Mimi nilikuwa nimesimama naye. Nilimwona akiutazama ufagio, kisha kioo, kisha dirisha la chumba alicholala mdogo wangu. Hakutaka kumvunjia mama yake neno. Na maisha yake yote ya kazi alikuwa amefundishwa kufuata agizo kama lilivyotamkwa. Dani alisema lango. Basi baba akauzungusha mkokoteni nyuma ya boma, akachukua panga, akakata minyaa nyuma ya jiko mpaka ikapatikana nafasi, nasi tukakipitisha kioo pale, yeye mbele na mimi nyuma, utomvu ukitudondokea mikononi.

Kama hujakulia kwetu, ngoja nikueleze. Aliyefia hospitalini au kitandani huletwa nyumbani kwa lango kama mtu yeyote. Lakini aliyekufa kwa maji, au kwa kamba, au kwa ajali ya ghafla huko nje, hapiti langoni. Hukatwa ua, akaingizwa pale. Kila mtu mzima anajua. Baba alijua. Nadhani siku ile alikuwa anawaza lango tu, hakuwaza kitu kingine.

Dani alisikia panga, akatoka jikoni na unga mikononi. Alitukuta tumekisimamisha kioo katikati ya ule upenyo, jua likiwaka juu yake.

"Sikupita langoni, Mama," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetegemea kusifiwa.

Dani aliutazama ua, akatutazama mikono. Akakaa chini pale pale kwenye majivu.

"Basi niambie ni nani amekufa," akasema, "ndipo nijue ninayemlilia."

Niliona uso wa baba ukibadilika alipoelewa. Alisogea hatua moja nyuma kama anayetaka kukitoa, lakini Dani akatikisa kichwa. Kilichoingizwa kwa njia ile hakirudishwi. Mama alitoka, akaona, akajishika mdomo. Kutoka chumbani tulimsikia mdogo wangu akiuliza kama miwani imefika.

Walikiweka kesho yake mchana. Baba alisema kwamba kama kosa limeshafanyika, basi lifanye na kazi liliyoletewa. Mama alichemsha maji, tukalaza raba humo mpaka ikawa laini kama utumbo. Baba aliivisha kuzunguka kioo chote, mtu anavyopiga pindo la kitambaa, kisha akaingiza kamba ya nailoni kwenye mfereji wa raba na kuacha ncha zake mbili zikining'inia upande wa ndani. Akapaka sabuni kila mahali. Yeye na jirani mvuvi wakakiinua, wakakiegemeza kwenye fremu kutoka nje. Mimi na mdogo wangu tulikuwa ndani, sisi ndio tuliotosha, kwa kuwa usukani ulijaza nafasi.

"Vuta kuelekea katikati ya kioo," baba akaniambia. "Polepole. Usivute kama unamrudisha mbuzi."

"Wewe sukuma," jirani akamwambia baba. "Mimi mikono yangu imezoea samaki, hiki kinateleza vile vile."

Nikavuta. Mdomo wa raba ukaruka juu ya bati, pap, na baba akapiga pale kwa kiganja. Nikavuta tena. Tukafika kwenye kona ya juu upande wa dereva, na kioo kikalia. Ilikuwa sauti nyembamba, tiii, ndani kabisa mwake. Sote tuliganda. Baba aliweka sikio kwenye kioo kama daktari, akakaa hivyo muda mrefu huku akipumua kwa pua. Kisha akasema fremu imebana, tulegeze, na akaipiga tupa ile kona kidogo kidogo, unga wa chuma ukitumwagikia magotini. Tuliporudi kuvuta, kilinyamaza. Kipande cha mwisho nilimwachia mdogo wangu. Alivuta kwa mikono miwili, ulimi nje, na raba ilipokaa alipiga kelele mpaka bata wakakimbia.

Halafu akasogeza uso, akapumua juu ya kioo, upande wa ndani, kama watoto wote wafanyavyo. Ukungu ulipotanda, ndani yake zikatokea alama za vidole. Zilikuwa ndogo kuliko za vidole vyake.

"Kuna mtoto hapa," akasema, akacheka.

Mama alikuwa ameinamia mlango. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akapangusa pale, akapangusa tena, hata baada ya ukungu kwisha. Tangu siku ile nimejiuliza kama mle garini, kule mteremkoni, kulikuwa na mtoto. Baba hakuwa ameuliza alipokuwa Awasi. Na baada ya hapo hakuna aliyetaka kwenda kuuliza.

Sitakudanganya, miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Ndiyo inayoniumiza zaidi. Baba alimpeleka mdogo wangu kliniki akiwa mkavu, amevaa sweta, amesimama kati ya viti akitaja kila alichokiona: ng'ombe, kanisa, mwanamke wa miwa, kanisa tena. Maumivu yalipomshika, walikuwa hospitalini kabla hayajakomaa. Wakirudi walileta ngege, samaki wabichi kutoka ufuoni, mama akawapika na nyanya na dania, na harufu ikatuketisha sote pamoja isipokuwa Dani, ambaye alikula mlangoni mwake akiwa ameligeuzia gari mgongo. Hakupanda hata siku moja. Ule upenyo nyuma ya jiko aliuziba kwa miiba. Kisha akapanda vijiti vya minyaa. Unajua minyaa ilivyo, ukitupa kijiti njiani kinashika. Pale vilikauka. Akapanda vingine, vikakauka. Mvua za vuli zikaja, vyote vikaoza vikiwa vimesimama, na Dani akaacha kupanda.

Asubuhi moja ya mvua mdogo wangu aliamka na homa. Safari hii hakulia. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama ndani ya ndizi, tumbo limejaa upande mmoja, na alikuwa anapumua haraka. Baba akawasha gari. Dani alikuwa ameshafika langoni, amesimama mbele ya mbao, mvua inamshuka usoni.

"Mpeleke na gari lingine," akasema.

"Lipi, Mama?" baba akauliza kwa upole. "Niambie lipi, nimpeleke."

Barabara ilikuwa tupu na nyekundu pande zote mbili. Dani aliitazama. Kisha aligeuka, akafungua lango kwa mikono yake mwenyewe, akaja, akafungua mlango wa gari, akaingia kwa mara ya kwanza, akamchukua mtoto kutoka kwa mama na kumlaza kifuani pake. Alimfunika uso kwa leso ili asitazame kupitia kile kioo. Mdogo wangu aliivuta leso chini. Alitaka kuona njia.

Gari lilikuwa na waipa moja ya kufutia kioo, isiyo na mota. Baba alikuwa ameifunga uzi uliopita ndani, na kazi ya kuuvuta ilikuwa yangu. Nilivuta toka kwetu hadi Kisumu. Mvua ilipiga kioo kana kwamba inatafuta mlango, lakini ndani hamkuingia hata tone. Hakuna tairi lililopasuka. Injini haikukohoa. Tulipita Otonglo wenye mabanda bado hawajafungua. Dani alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, na kila aliponyamaza nilisikia ile pumzi ya haraka.

Tulipofika hospitali, mfagizi alikuwa bado anapiga deki, na mabenchi yalikuwa matupu. Muuguzi alimpokea mtoto mikononi mwa Dani, akamwangalia macho, akatuambia, "Vizuri. Mmefika mapema." Akakimbia naye. Mtoto alihitaji damu, na ya aina yake haikuwapo siku hiyo. Waliagiza itafutwe kwingine. Walimpima baba, haikulingana. Walimpima mama, haikulingana. Tukakaa. Mchana mdogo wangu aliniuliza kama nimechoka mkono. Jioni, kabla damu haijafika, alikufa.

Aliletwa nyumbani kwa lango. Dani alilifungua tena mwenyewe na kusimama pembeni mpaka jeneza lilipopita. Lakini watu walishaongea. Siku ya mazishi mzee mmoja wa ukoo alisimama, akasema kwa huzuni, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba tunapaswa kujifunza. Akasema mtoto amefia njiani kwenye gari la mapipa, na kwamba wangetafuta gari la kweli angekuwa hai. Baba aliinamisha kichwa. Kisha Dani, ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kusema, aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake.

"Sikukipenda kile kioo," akasema. "Sikipendi hata leo. Lakini nilikuwamo. Mwanangu alimfikisha mtoto wake, na alimfikisha mapema."

Akakaa. Baba alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Baba hakuliendesha gari lile tena. Kuku walitaga ndani yake, kisha wanunuzi wa vyuma wakaja wakalichukua kwa vipande. Kioo sijui kilikwenda wapi, na sikuuliza. Dani ameondoka, mama ameondoka, na baba tulimzika kabla ya mvua zilizopita. Ziwa limepanda, limemeza ufuo nilipokuwa nikiteka maji. Ua umeng'olewa wote, binamu yangu ameweka seng'enge na geti la chuma. Wagonjwa siku hizi hubebwa na pikipiki, na wakati mwingine gari la kaunti hufika. Ni vizuri. Mimi mwenyewe nimewahi kulipigia simu.

Kwenye matanga ya baba, vijana walikuwa wanakula karibu nami na kusimuliana habari za kioo kilicholetwa kwa ua, jinsi gari lilivyokwama kwenye tope na mtoto akakata roho humo ndani. Niliweka sahani chini. Nikawaambia gari halikukwama popote, nilikuwa nimeketi mbele, na tulifika sakafu ya hospitali ikiwa bado na maji ya deki. Kisha mmoja wao, kijana mwenye uso mpole, akaniuliza, "Sasa, Mama, kama mlifika mapema, ni nini kilimuua?"

Nilikuwa na jibu la hospitali, nikampa. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, lakini niliona bado anangoja jingine. Nikachukua sahani yangu nikaenda kuiosha.